Gari Imebadilika, Hati ya Bima Haikubadilika

 

Tumefikiwa na suali la ndugu yetu mmoja wa hapa Mkokotoni, na kwa kuwa jambo lake ni la wengi tumeona tulijibu kwa urefu. Alinunua gari kwa mtu wa mjini, wakapeana mikono, naye akaendelea kutembea na stika ileile ya bima aliyoikuta kwenye kioo. Hati ya bima ina jina la mwenye gari wa mwanzo, na imeandikwa kuwa gari ni ya matumizi binafsi. Yeye asubuhi huchukulia samaki kupeleka mjini, na jioni hupakia wafanyakazi wa mahoteli ya Nungwi kwa nauli. Siku moja ikamgonga mpanda baiskeli akavunjika mguu. Sasa yupo anayemshauri kwamba hati irekebishwe kwanza, iandikwe tarehe ya nyuma, kisha ndipo madai yapelekwe. Anauliza: je, yafaa?

Jawabu ni kuwa haifai, na malipo yatakayopatikana kwa njia hiyo si halali kwake. Tutaeleza sababu.

Kwanza, hatutaki msomaji adhani tumesahau mzozo wa bima yenyewe. Ni mzozo wa zamani. Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1836, aliizungumzia bima ya majahazi ya wafanyabiashara, aliyoiita "sawkara", na hakumruhusu mfanyabiashara kuchukua fidia yake. Mwaka 1985 Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah ikapitisha kuwa bima ya kibiashara ni haramu kwa gharar iliyomo ndani yake, na ikaruhusu bima ya kusaidiana. Sheikh Mustafa al-Zarqa aliona kinyume, akaijuzisha. Khitilafu hiyo inajulikana, na leo hatuingii humo. Bima ya mtu wa tatu hapa kwetu ni lazima kisheria kwa kila gari inayotembea barabarani, kwa hiyo mwenye gari hana hiari. Suali letu ni la baada ya hapo: mkataba umekwisha fungwa, nini haki yake?

Amri ya kutekeleza mikataba ipo mwanzo kabisa wa Suratul Maida, na Hadithi ya kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Hati ya bima ni masharti matupu: gari gani, ya nani, kwa kazi gani. Kazi ikibadilika, kilichokubaliwa kimebadilika.

Wanafunzi wetu wa Minhaj ya Imam Nawawi watalikumbuka suala la ijara. Mtu amekodi mnyama ambebee ratili mia za ngano, akampakia ratili mia za shayiri. Uzito ni uleule, hakuzidisha hata ratili moja. Hata hivyo mafakihi wetu wa Kishafi wanasema mnyama akiharibika mtu huyo ni dhamini, na vivyo hivyo akifanya kinyume chake. Kwa nini? Wanasema ngano ni nzito, hukaa mahali pamoja ikakandamiza. Shayiri ni nyepesi, hutanda ikachukua mgongo mpana zaidi. Madhara ya hii si madhara ya ile. Tazama walivyokuwa wakiangalia mambo kwa undani! Na tofauti ya ngano na shayiri ni ndogo mno ukiilinganisha na gari inayokwenda skuli na sokoni tu, na gari inayopakia abiria kwa nauli usiku barabara ya Nungwi. Shirika lilipokea ada ya kazi moja, naye akafanya kazi nyengine.

Jambo la pili ni kuficha. Amepokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira kisa cha Mtume (SAW) kupita kwenye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vikarowa. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (SAW) hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kutoiweka iliyorowa juu watu wakaiona. Basi hakuna ubaya gari yako kubadilika. Ubaya ni kuiweka iliyorowa chini.

Ajabu ni kuwa mahakama za Uingereza zilifika karibu na hapo. Mwaka 1766 jaji Lord Mansfield alihukumu kesi ya bima ya ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra, akaeleza kuwa katika bima mambo ya hatari yenyewe huyajua zaidi mwenye kukata bima, kwa hiyo hana ruhusa ya kuyaficha. Lakini katika kesi ileile alimpa haki mwenye kukata bima, kwa kuwa aliyetoa bima alikuwa na uwezo wa kujua mwenyewe khatari ya ngome ile. Hili nalo lina mfano kwetu: mnunuzi aliyeiona aibu ya bidhaa kisha akanunua hana khiari ya kuirudisha. Kwa hivyo wakala akiiona gari imejaa matenga ya samaki, akapokea pesa na kuandika "binafsi", naye ana sehemu yake katika dhambi hiyo.

Wapo wanaosema: bima ya kibiashara ni haramu, basi kuwadanganya si kitu. Kauli hii tunaisikia hata misikitini, na ni kauli mbovu. Mtume (SAW) alipohama Makka alimwacha Sayyidna Ali arudishe amana za Makureshi, watu waliokuwa wakitaka kumuua. Aya ya 188 ya Suratul Baqara inakataza kula mali kwa batili, na ubatili wa mkataba hauhalalishi uongo. Ama katika takaful jambo ni zito zaidi, maana mfuko ni wa wachangiaji wenyewe. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, siku hizi lina upande wa takaful; anayedanganya pale anachukua mchango wa jirani yake.

Basi ndugu yetu afanye nini? Aeleze mambo yalivyokuwa saa ya ajali, kwa polisi na kwa shirika. Shirika likilipa, ni kheri. Likikataa, dhamana haikuondoka: mguu wa mtu umevunjika, na haki yake ipo juu ya aliyemvunja, si juu ya karatasi. Wengi hudhani bima ikikataa mambo yamekwisha. Hapana. Amwendee majeruhi, agharimie matibabu, wasuluhishane kwa kiasi wanachoridhiana, hata kama ni kwa kuuza gari hiyohiyo.

Na wewe ambaye hujagonga, fungua hati yako leo. Angalia jina, nambari ya gari, ya chesisi na ya injini, idadi ya viti na aina ya matumizi. Gari ikiuzwa, bima haihami peke yake kwa mnunuzi. Shirika lipewe habari na liridhie kwa maandishi. Ukibadilisha injini au ukaanza kupakia kwa nauli, nenda kabla ya safari ya kwanza. Ada itapanda, ndiyo. Stika nayo huhakikiwa kwa simu katika mfumo wa TIRA, kwa nambari ya gari, nayo ni kazi ya dakika chache.

Limebaki moja linalosahauliwa sana vijijini kwetu, gari ya marehemu. Baba amefariki, gari imo katika tirka, na kijana mmoja anaiendesha mwaka mzima kwa hati yenye jina la baba. Hapo pana mambo mawili: anatumia mali ya warithi wenzake, na anategemea mkataba wa mtu aliyekwisha kufa. Warithi waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mirathi igawiwe, gari iandikwe jina la aliyeipata, kisha ikatiwe bima kwa jina hilo. Mpaka hapo ni bora ikae chini ya mwembe.

Wallahu a'lam.