Mbwa wa mbio akistaafu huenda wapi?

MBWA wa mbio aina ya grehaundi huanza kushindana akiwa na umri wa miezi 15 hivi, na nchini Uingereza wengi hustaafu kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa kuwa mbwa huyo anaweza kuishi miaka 12 au zaidi, swali ni je, miaka inayobaki huipitisha wapi, na nani anayejua?

Kwa muda mrefu hakuna aliyelazimika kujua. Grehaundi huchapwa herufi kwa wino masikioni angali mdogo, lakini alama hiyo ilikusudiwa kuzuia udanganyifu katika kamari, si kumfuatilia mnyama akishaondoka uwanjani. Tena sikio hukatika. Mwaka 2004, huko Wales, alipatikana grehaundi aliyepigwa risasi kichwani, masikio yote yamekatwa ili mwenyewe asijulikane.

Julai 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kuwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi mjini Seaham alikuwa akiua mbwa wa mbio kwa malipo ya pauni 10 kila mmoja, na kuwafukia katika ardhi yake. Gazeti lilikadiria kuwa katika miaka 15 waliuawa zaidi ya 10,000. Mwaka uliofuata alitozwa faini, lakini kwa kosa la kufukia taka bila kibali! Kuua mbwa bila kumtesa hakukuwa kosa kisheria.

Kanuni za mwaka 2010 ziliagiza kuwa kila grehaundi anayeshindana England awe na chipu chini ya ngozi pamoja na alama ya masikioni, na daktari wa mifugo awepo uwanjani. Kanuni hizo, hata hivyo, zinaishia getini.

Yanayofuata yameachiwa bodi ya mchezo wenyewe. Bodi hiyo hutoa takwimu za majeruhi, vifo na wanaostaafu. Za mwaka 2018 zilionyesha vifo 932. Mwaka 2020 ilianzisha dhamana ya pauni 400 kwa kila mbwa, nusu ikitolewa na mmiliki, ambayo hulipwa kituo kinachomtafutia makazi.

Takwimu hizo ni za jumla tu. Mbwa anayeandikwa kuwa "amebaki kwa mmiliki" hakaguliwi na mtu wa nje mwaka baada ya mwaka, na chipu yake humtaja aliyesajiliwa mwisho, hata kama alikwisha kumgawa zamani.