Kosa si la Vumbi

Ukiishika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpaka wa Sirari, ukapita Lamadi na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, utakutana na magari ya kila namna: mabasi, Noah za abiria, malori ya pamba, Land Cruiser za watalii zenye paa la kuinuka, na mara mojamoja gari-nyumba la mgeni anayepika na kulala humo humo. Yote hufika Bunda yakiwa na sura moja, sura ya vumbi. Na yakisimama tu, anatokea mtu na tambara kavu, anaanza kufuta kuanzia boneti kwenda nyuma, kwa nguvu na kwa nia njema kabisa. Wenye magari wengi wa mkoa wa Mara wanaamini kuwa vumbi ndilo linalozeesha rangi, na kwamba tambara ndilo linaloiokoa. Naona mambo yako kinyume. Vumbi lililotulia juu ya bodi halifanyi kitu kikubwa. Linakuwa silaha pale linapokandamizwa na kusukumwa.

Sababu iko ndani ya vumbi lenyewe. Mawe yale makubwa yaliyopandana kando ya ziwa pale Musoma ni matale, na matale yana chembechembe za kwazi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo ambacho almasi imepewa 10. Kisu cha kawaida na kioo cha dirisha viko karibu na 5 na nusu, ndiyo maana kwazi hukwaruza kioo. Mawe hayo yakimomonyoka, kwazi haiozi, inabaki kuwa mchanga na vumbi la barabarani. Sasa itazame rangi inayofutwa. Gari la kisasa lina rangi ya chini ya kuzuia kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita kliya. Kliya huwa na unene wa kama mikroni 35 hadi 50, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina takriban mikroni 100, kwa hiyo ngozi yote inayolinda rangi ya gari ni kama nusu ya karatasi. Tambara kavu juu ya vumbi lenye kwazi ni msasa, hata kama mkono ulioushika ni mpole. Alama zake hazionekani kivulini. Litoe gari jeusi juani saa nane mchana, utaona mistari imezunguka taswira ya jua kama utando wa buibui.

Hapo mzee aliyeendesha Peugeot 504 au Land Rover enzi zake atauliza: mbona sisi tulifuta, tukasugua, tukapaka, na magari yakang'aa miaka ishirini? Swali lake ni la haki, na jibu lake halimdhalilishi. Rangi ya magari mengi ya zamani ilikuwa ya aina moja tu kuanzia juu hadi chini, tena nene. Mtu alipoisugua, tambara liligeuka rangi ya gari, jekundu kwa gari jekundu, na chini yake ilitokea rangi mpya iliyo hai. Kusugua kulikuwa matengenezo halisi. Mfumo wa kliya ulienea viwandani kuanzia miaka ya 1980, na kilichobadilika ni rangi, wala si akili za wazee. Leo ukisugua unaondoa kliya, na kliya ikiisha hakuna nyingine chini yake. Jua linaunguza rangi iliyobaki uchi, inapauka, kisha kingo za kliya zinaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyebabuka. Hapo dawa ni kupaka rangi upya, na hiyo si bei ya ndoo mbili za maji.

Sabuni nayo ina kesi yake. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi ya kutosha kung'oa mafuta ya mchuzi kwenye shati, na nta juu ya gari ni mafuta pia. Haitachubua rangi kwa siku moja, lakini kila inapotumika inaondoa kinga ile nyembamba, na bodi inabaki kavu mbele ya jua la mahali palipo kama nyuzi mbili kusini mwa ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kufuta kwa dizeli au mafuta ya taa, kama wanavyofanya baadhi ya madereva, hung'arisha kwa saa chache tu, kisha vumbi lote la njiani linanata. Kuna uchafu ambao kweli haufai kusubiri, na hapo sitetei uvivu: kinyesi cha ndege, na vile vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi na kupondekea kwenye bampa. Kinyesi cha mnandi au korongo kina asidi. Juani kinakauka na kujikunja, huku kliya iliyopata joto ikiwa imelegea, na baada ya siku chache kinaacha kovu lisilotoka kwa kuoshwa. Lakini hata hivi havisuguliwi. Kitambaa kilicholowa kinawekwa juu yake kwa dakika kumi, uchafu unalainika, unatoka wenyewe.

Kanuni ya kuosha inatokana na hayo yote. Maji kwanza, mkono baadaye. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa, limwagiwe maji kuanzia juu hadi mchanga mwingi uondoke wenyewe, ndipo ipite sabuni ya magari kwa kitambaa laini chenye manyoya, na kitambaa hicho kisuuzwe katika ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye ndoo ya sabuni. Anayetumia ndoo moja anaosha nusu ya mwisho ya gari kwa mchanga wa nusu ya kwanza. Matairi na sehemu za chini huja mwisho, kwa kitambaa kingine. Udongo mweusi wa mbuga za Ndabaka unataka subira zaidi: ukikauka unashika kama saruji, kwa hiyo uloweshwe mara mbili au tatu. Mashine ya presha husaidia, mradi isisogezwe karibu sana na mipira ya madirisha au kingo za stika za kampuni.

Wengi watasema maji ni ghali, na ziwa liko pale, bure. Ubure huo una mashaka hata kwa gari lenyewe. Maji ya ukingoni, gari likiwa limeingizwa hadi magurudumu yamezama, yamevurugwa na yamejaa mchanga uleule tunaoukimbia, na mwoshaji anayachota na kuyasugulia kwenye milango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambamo shughuli za kuhatarisha mazingira haziruhusiwi, na oili pamoja na sabuni vinavyotoka chini ya gari havihitaji maelezo mbele ya watu wanaokunywa maji ya ziwa hilo hilo. Kuhusu gharama, ndoo tatu za lita 20 zikitumika kwa mpangilio huu zinatosha gari dogo. Basi linataka zaidi, lakini si ziwa zima.

Polishi ndiyo inayochanganya watu kuliko yote, kwa sababu neno moja limebebeshwa vitu viwili. Nta hupakwa ikabaki juu, inaongeza. Polishi yenye chembe za kukwangua, ile ambayo mafundi hupiga kwa mashine, inapunguza: inasawazisha kliya hadi chini ya mikwaruzo, na mng'ao unaouona ni kliya iliyopungua. Mfano mzuri uko kwenye taa za mbele. Taa za plastiki zikififia na kuwa njano, watu huzisugua kwa dawa ya meno, na kweli zinang'aa jioni ile ile. Lakini dawa ya meno imekwangua mabaki ya utando uliokuwa ukizikinga na jua, na kwa kuwa hakuna kilichorudishwa juu yake, unjano unarudi haraka kuliko mara ya kwanza. Gari linalopigwa polishi ya kukwangua kila mwezi linafanyiwa hivyo hivyo, polepole zaidi. Paka nta kila baada ya miezi mitatu au minne. Polishi ya kukwangua ingoje hadi mikwaruzo ionekane kweli, ianze na ile nyepesi kabisa, na ikwepe kingo za milango ambako kliya ni nyembamba.

Gari-nyumba linanilazimu kulegeza kidogo hoja yangu. Magari hayo mengi, kama mapaa ya kuinuka ya baadhi ya magari ya safari na kama boti nyingi, yamejengwa kwa faiba, na tabaka la nje la faiba, jelikoti, lina unene wa kama nusu milimita, mara kumi na zaidi ya kliya. Hilo linavumilia kukwanguliwa. Tena wakati mwingine linadai: jua hulichosha mpaka linatoa unga mweupe mkononi kama chaki, na unga huo hautoki kwa sabuni, unatolewa kwa polishi kisha nta ifuate siku hiyo hiyo. Ila madirisha ya gari hilo hilo kwa kawaida si kioo, ni plastiki laini. Spiriti na dawa za kusafishia vioo huyatia nyufa ndogondogo, na vumbi la kwazi huyakwaruza kwa mfuto mmoja. Fundi aliyefurahia uvumilivu wa paa akashuka na tambara lile lile hadi dirishani, ameshaharibu.

Yapo ya biashara pia. Msafirishaji atasema abiria hapandi gari chafu, na mtalii anataka picha yenye gari linalong'aa. Ni kweli, na ndiyo maana vioo, taa na namba za gari vinastahili kusafishwa wakati wowote, kwa maji. Lakini mtalii aliyetoka Serengeti hashangai kuona vumbi la Serengeti, na abiria wa Noah anayewahi Butiama hatazami boneti, anatazama kama kuna siti. Atakayetazama boneti ni mnunuzi, siku gari litakapouzwa, naye atalitazama juani. Kwa hiyo pale stendi ya Bunda, saa sita mchana, bodi ikichoma mkono, kijana mwenye tambara alipwe afute kioo cha mbele kwa maji, na vumbi lililobaki lisubiri jioni, kivuli, na ndoo zake.