Seva ya Filamu Nyumbani: Funga Mlango Usioonekana

Familia nyingi siku hizi huweka filamu, nyimbo na picha za harusi kwenye kompyuta moja nyumbani, kisha kila mtu hutazama kwa simu au televisheni yake. Kompyuta hiyo huitwa seva, na programu kama Plex na Jellyfin ndizo huiendesha. Ikitumika ndani ya nyumba pekee, hatari ni ndogo. Hatari huongezeka mwenyewe anapotaka kutazama akiwa safarini, au jamaa walio kazini Qatar wanapotaka kuona picha za nyumbani.

Ili kuwezesha hayo, wengi hufungua mlango kwenye ruta. Ruta huagizwa kwamba yeyote anayebisha kwa nambari fulani apelekwe moja kwa moja kwenye seva. Lakini ruta haitofautishi mwenye nyumba na mwizi. Plex hutumia nambari 32400 na Jellyfin 8096. Nambari hizo zinajulikana kote duniani, na kuna programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikibisha kila anwani.

Madhara yanaweza kufika mbali. Mwaka 2022, wahalifu waliiba data ya LastPass, kampuni ya Marekani inayotunza nywila za wateja. Walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja wa kampuni hiyo, iliyokuwa na programu ya filamu yenye kasoro. Wakapandikiza programu ya kunasa kila herufi aliyoandika, wakapata nywila yake kuu. Plex ilieleza baadaye kwamba kasoro hiyo ilikuwa imerekebishwa tangu Mei 2020, ila mhandisi hakuwa amesasisha programu yake.

Wakaazi wenye seva wanashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Funga mlango. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, ondoa agizo hilo, na uzime UPnP, ambayo huruhusu vifaa kujifungulia milango vyenyewe.

2. Tumia VPN. WireGuard au Tailscale hutengeneza njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani. Asiye na ufunguo hapiti.

3. Sasisha programu ya seva, kompyuta yenyewe na ruta kila toleo jipya linapotoka.

4. Badilisha nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani. Mpe kila jamaa akaunti yake, isiyo na uwezo wa kubadilisha mipangilio.

5. Usihifadhi nakala za kitambulisho au hatimiliki kwenye seva hiyo. Picha muhimu ziwe pia kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini.

Ili kuhakikisha, zima Wi-Fi na VPN kwenye simu, tumia data, kisha ufungue anwani ya intaneti ya nyumbani kwako pamoja na nambari ya seva. Ukurasa wa seva ukitokea, mlango bado uko wazi.

Anayeshuku kwamba ameingiliwa aitenganishe seva na intaneti, asifute chochote, na abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine. Kisha aripoti kwa polisi au kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.