Maradhi ya Tabia

Yako maradhi yasiyoshika mwili bali tabia: mtu hupenda leo, kesho huchukia, huogopa mno kuachwa, hata hujijeruhi. Jamaa husema, "Ni ukaidi." Kumbe ni ugonjwa.

Marsha Linehan wa Marekani alilazwa hospitalini mwaka 1961, mwenye miaka 17, kwa kujikata na kujichoma. Baadaye akawa mwalimu wa elimu ya nafsi huko Seattle. Mwaka 1991 alionyesha kwamba wanawake waliofundishwa mwaka mzima kuvumilia uchungu, kutuliza hasira na kueleza haja zao walipunguza kujidhuru.

Basi, aliye na taabu hiyo nyumbani mwenu msimtukane wala msimfukuze. Mpelekeni kwa tabibu, mkamngojee kwa saburi. Tabia hupona polepole.