Rekodi milioni za mafindofindo: kweli au si kweli?

"Watoto wakifika milioni moja, jibu haliwezi kukosea."

Si kweli. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,189,061 waliozaliwa Denmark kati ya 1979 na 1999. Tangu 1968 kila mkazi wa nchi hiyo ana namba yake, na kwa namba hiyo rekodi zake za hospitali humfuata hadi ukubwani. Ilionekana kwamba waliokatwa mafindofindo kabla ya kutimiza miaka 9 walikuwa na hatari ya kuugua baadaye magonjwa ya pua na koo karibu mara tatu ya wenzao. Habari ya kumtisha mzazi yeyote. Lakini nani hupelekwa kukatwa mafindofindo? Ni yule anayeumwa koo kila mara, anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Huenda maradhi yalitangulia kisu. Watafiti walijaribu kusawazisha tofauti hiyo kihesabu, ila hesabu husawazisha kilichoandikwa tu, na homa zilizotibiwa na daktari wa mtaani hazimo kwenye rejesta ya hospitali. Wingi wa watoto hupunguza makosa ya bahati. Kosa la kulinganisha wasiolingana hubaki palepale, tena huonekana la uhakika zaidi.

"Rekodi moja ni mgonjwa mmoja."

Inategemea. Kanzidata ya kitaifa ya waliolazwa Marekani hukusanya rekodi takribani milioni 7 kwa mwaka, na kinachohesabiwa ni kuruhusiwa kutoka hospitalini. Aliyelazwa mara tatu ni rekodi tatu. Na wengi wanaokatwa mafindofindo huko hurudi nyumbani siku hiyohiyo, kwa hiyo hawamo kabisa.

"Msimbo wa ugonjwa unaeleza hali ya mgonjwa."

Kwa sehemu ndogo. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, msimbo H90 husema aina ya upotevu wa usikivu, si kiasi chake. Asiyesikia mnong'ono na asiyesikia honi ya lori wanaweza kuandikwa sawasawa.

"Basi kanzidata hizi tuziache."

Hapana, nazitetea kwa moyo wote. Kifo baada ya kukatwa mafindofindo ni nadra kiasi kwamba daktari bingwa anaweza kustaafu bila kukishuhudia. Hospitali moja haiwezi kukichunguza. Rekodi za nchi nzima zinaweza.

"Afrika Mashariki hatuna takwimu."

Si kweli. Tanzania ina mfumo wa taarifa za huduma za afya, MTUHA: zahanati hujaza vitabu, na majumlisho ya kila mwezi huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, ambao Kenya pia inautumia. Shida ni kwamba yanayopanda juu ni majumlisho. Tunapata idadi ya waliotibiwa masikio mwezi huu, lakini hatuoni kama mtoto mwenye usaha mwezi Machi ndiye aliyerudi Juni, na usaha wa muda mrefu ndio unaoharibu usikivu. Tukimpa mtoto huyo namba moja, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, tutaweza kumfuatilia.