Ulimi si Cheti cha Uraia

Mwaka jana nilikuwa nikirejea Nairobi kutoka Garissa, nilikokuwa nimekwenda kutahini. Ndani ya basi nilijikuta nimeketi kando ya kijana mmoja ambaye juma lile lile alikuwa amefika mbele yangu kujibu maswali juu ya fonolojia ya Kiswahili. Alikuwa akisomea ualimu. Tulivuka daraja la Mto Tana, tukaishika njia ya Mwingi, na tulikuwa tungali tukizungumza habari za silabi na mkazo wakati basi liliposimamishwa kwenye kizuizi.

Abiria tuliamriwa sote tushuke. Naam, sote, ila mimi na wengine wachache tuliambiwa tukae. "Mzee, wewe kaa tu," alisema afisa mmoja wa usalama, baada ya kunitazama usoni kwa muda usiotosha hata kupiga chafya. Kitambulisho changu hakukiomba. Nikabaki dirishani nikiwatazama wenzangu wakijipanga msitari juani.

Kijana alitoa kadi ya chuo, kisha akatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, ushahidi kwamba ameomba kitambulisho na bado anakingoja. Afisa alikigeuza huku na huku. Kisha akamwambia, kwa sauti niliyoisikia vizuri kutoka nilipokuwa, "Hebu sema pilipili."

"Afande?"

"Sema pilipili."

Kijana akasema. Ile p ya kwanza ilitoka ikiwa imeelekea kwenye b, nao maafisa wawili wakacheka. Akatengwa kando pamoja na wanawake wawili na mzee mmoja mwenye ndevu za hina. Tulingoja yapata nusu saa. Waliporudi hakuna aliyesema neno, na dereva akatia gari moto.

Mimi ni mwanaisimu, na sauti kama hizo ndizo zinazonipa riziki. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji nieleze jambo hili kama ninavyolieleza darasani. Kisomali hakina sauti p. Mtoto aliyelelewa katika Kisomali huitamka p ya lugha nyingine kwa kutumia sauti iliyo karibu nayo kabisa katika lugha yake, nayo ni b. Hakuna siri hapo wala hila. Mluo ambaye lugha yake haina sh atasema "samba" akikusudia shamba. Mkikuyu atasema "rara" akitaka mtoto alale. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Bungoma, na sisi Wabukusu tunajulikana kote nchini kwa kuzichanganya p na b. Nilipokuwa shule ya msingi nilichapwa viboko visivyohesabika kwa kumwita baba "papa". Nilichekwa, na hadi leo nikikasirika wanafunzi wangu huniskia nikiteleza. Lakini katika umri wangu wote hajatokea mtu wa kunishusha ndani ya basi kwa sababu ya p, ingawa jamaa zetu Wagisu wako upande wa pili wa Mlima Elgon, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na lugha zetu ni pua na mdomo.

Basi, kosa la yule kijana lilikuwa nini?

Kupima watu kwa matamshi si jambo jipya. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani na kumwamuru kila apitaye aseme "Shibolethi". Aliyesema "Sibolethi" alichinjwa, na kitabu chasema waliokufa walikuwa 42,000. Mwaka 1937 katika Jamhuri ya Dominika, chini ya utawala wa Trujillo, maelfu ya watu wa asili ya Haiti waliuawa, na inasimuliwa kwamba askari waliwatambua kwa kuwataka walitaje jani moja la mboga ambalo jina lake lina r ngumu. Sisemi kwamba kizuizi cha njia ya Mwingi kinalingana na mauaji hayo. Ninalosema ni kwamba mtihani ni ule ule, na wenye kuutumia aghalabu hawajui wanapima kitu gani.

Kwani matamshi hupima nini? Jibu letu wanaisimu liko wazi. Yanaonyesha mtu alikulia miongoni mwa wasemaji gani, basi. Mwaka 2004 wanaisimu wa nchi mbalimbali waliandika mwongozo kuhusu jambo hili, kwa sababu serikali za Ulaya zilikuwa zikizirekodi sauti za watu walioomba hifadhi, Wasomali wakiwa miongoni mwao, ili zijue kama kweli wametoka walikodai kutoka. Mwongozo huo ulisema kuwa mwanaisimu asiulizwe mtu ni raia wa nchi gani, maana uraia ni jambo la sheria na la siasa, wala haukai kooni. Ikiwa bingwa mwenye vyombo vya kurekodi na siku kadhaa za kusikiliza anakatazwa kutoa hukumu hiyo, seuze afisa aliyesimama juani na neno moja la kiungo cha mchuzi!

Historia nayo inatuonya tusifanye haraka. Hadi mwaka 1925 mpaka wa koloni la Kenya ulikuwa Mto Juba, na Kismayu ilitawaliwa kutoka Nairobi. Kisha Uingereza ikaikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na msitari ukachorwa upya katikati ya malisho na visima vya watu wale wale. Hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Vivyo hivyo Mdigo yuko Lunga Lunga na yuko Tanga, Mmasai yuko Kajiado na yuko Longido, na hatuoni ajabu.

Waliobakia upande huu walitawaliwa kwa sheria zao peke yao. Walitakiwa wawe na pasi ili watoke au waingie, na Sheria ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ikaruhusu adhabu ya jumla kwa kabila zima kwa kosa la mtu mmoja. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, hata mwezi haujamalizika, hali ya hatari ikatangazwa huko kwa sababu ya vita ambavyo serikali iliviita vya shifta. Neno hilo limetoka Ethiopia, na maana yake ni jambazi wa porini. Likatumika kwa waliobeba bunduki, kisha likateleza likawa jina la yeyote mwenye sura ile na lafudhi ile, hata mchunga ngamia. Vita vilisimama mwaka 1967 baada ya makubaliano ya Arusha. Kanuni za hali ya hatari ziliendelea hadi mwaka 1991. Hebu mwalimu wa historia awaambie wanafunzi wake wahesabu miaka hiyo: ni 24 baada ya amani.

Ndani ya miaka hiyo kulikuwa na Garissa ya Novemba 1980, mitaa ilipoteketezwa. Kulikuwa na Wagalla ya Februari 1984, ambako wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege karibu na Wajir, wakawekwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliona kuwa idadi yaweza kukaribia 1,000. Na mwaka 1989 ukaja mchujo: kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyetimiza umri wa miaka 18 alitakiwa kufika mbele ya jopo athibitishe kwamba ni Mkenya, na aliyefaulu akapewa kadi ya rangi ya waridi aichukue pamoja na kitambulisho chake. Raia wengine walitosheka na kadi moja.

Wenzangu wengine huudhika wanapomsikia mtu wa Garissa anayesafiri kwenda Nairobi akisema anakwenda "Kenya". Huona kuwa huo ni ushahidi wa moyo usioipenda nchi. Mimi naona ni sarufi safi kabisa ya mtu aliyeambiwa, kwa pasi na kwa kadi, kwamba Kenya iko kule mbele, baada ya kizuizi. Tena kuna kichekesho cha uchungu: Wasomali wa Somalia wamewabandika wenzao wa Kenya jina la utani, nalo ni "sijui", neno letu la Kiswahili lenyewe. Akiwa Mogadishu, kijana wetu hucheka kidogo anapoitwa sijui kwa kuwa ni Mkenya mno, kisha hurudi kwao akaambiwa aseme pilipili.

Atatokea msomaji wa kuniambia kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na raia hana budi kuijua. Nami ninayekula kwa Kiswahili ningefurahi sana kama kila Mkenya angekisema kwa ufasaha. Lakini kama Kiswahili kingekuwa cheti cha uraia, wa kwanza kupewa vitambulisho wangekuwa Wapemba wa pwani ya Kenya, ambao Kiswahili chao ni cha titi la mama na kingemshinda afisa yeyote kwa utamu. Hao walikaa miongo mingi bila uraia hadi walipotambuliwa rasmi mwaka 2023. Wamakonde wa Kwale nao ilibidi watembee hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wasikilizwe. Kumbe basi lugha haikuwasaidia walioijua, ila huwadhuru wasioitamka sawa.

Wala Garissa si ya Kisomali pekee, jambo ambalo wengi wetu huku chini hatulijui. Kandokando ya Tana wako Wamalakote, ambao lugha yao, Kiilwana, ni ndugu wa damu wa Kiswahili: wataalamu huiweka katika kundi la Kisabaki pamoja na Kipokomo, Kimijikenda, Kingazija na Kiswahili chenyewe. Kusini, huko Ijara na kuingia Lamu, wako Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Hawa ni wawindaji na warina asali wa tangu jadi, na lugha yao iko karibu sana na Kisomali. Wakati wa vita vya shifta waliondolewa msituni wakakusanywa vijijini kando ya barabara. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote, na riziki yao ikawa jinai. Mwaka 2015 msitu huo ukawa uwanja wa operesheni ya kijeshi dhidi ya al-Shabaab, nao wakakatazwa hata asali yao. Mwaweer akisimamishwa kizuizini, lafudhi yake humwambia afisa kwamba yeye ni Msomali. Afisa hana njia ya kujua kwamba anazungumza na mmojawapo wa wenyeji wa kale kabisa wa nchi hii.

Sipendi kujifanya kwamba hatari haipo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na mimi ninayefundisha vijana wa rika lao siwezi kuingia ukumbi wa mihadhara asubuhi bila siku hiyo kunipitia akilini. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi waliotoka nje ya eneo hilo wakaondoka, wakaacha madarasa matupu. Upekuzi barabarani una sababu.

Hata hivyo tuwatazame wauaji wenyewe walikuwa wakifanya nini. Novemba 2014, katika basi lililotoka Mandera, waliwaamuru abiria wasome aya za Kurani, na walioshindwa wakauawa, walikuwa 28. Huo nao ulikuwa mtihani wa ulimi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, walisimamisha basi jingine la Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari 2016. Walimu mnaosoma makala haya, huyo alikuwa mwenzenu wa chaki. Abiria wa basi lile walielewa vizuri kuliko wengi wetu kinachotendeka pale watu wanapopangwa kwa jinsi wanavyosema.

Turudi kwenye kile kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kifungu cha 12 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata hati za utambulisho. Lakini kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera akitimiza miaka 18 amekuwa akifika mbele ya jopo la machifu, wazee na maafisa wa usalama, akidaiwa karatasi za baba na hata za babu, ilhali mwenzake wa Nyeri au Bungoma humaliza shughuli kwa chifu. Wako pia maelfu ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha kambini Dadaab wakiwa watoto ili wapate posho. Walipokua, alama za vidole vyao zikawasema kuwa ni wakimbizi katika nchi waliyozaliwa. Kesi yao ilipelekwa Mahakama Kuu ya Garissa mwaka 2021.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa mchujo huo wa ziada. Tangazo lilizusha mabishano makali, na nilisikia hata wasomi wakinong'ona kwamba sasa mlango umeachwa wazi. Nawauliza: kwa nini serikali haikuwaandikisha watoto hawa siku walipozaliwa? Daftari la vizazi lingefaa kuliko majopo yote, lakini daftari hudai zahanati, karani na barabara, na hivyo ndivyo eneo hilo lilivyonyimwa tangu mpango wa maendeleo wa mwaka 1965 uliposema fedha zipelekwe kwenye ardhi yenye rutuba na mvua. Serikali ilikosa kuandika, kisha ikamdai asiyeandikwa alete maandishi.

Tulipokuwa tukiukaribia mji wa Thika, kijana alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu kizuizini. "Mwalimu," aliniuliza, "katika ule mtihani, swali la p na b, nilijibu sawasawa?"

Nilimwambia alijibu sawasawa. Alikuwa ameeleza tofauti ya sauti hizo mbili, mahali pa matamshi, namna ya matamshi na mtetemo wa nyuzi za sauti, vizuri kuliko wenzake wote. Amekwisha hitimu sasa. Tume ya kuwaajiri walimu humsajili mwenye kitambulisho, na shule za kwao zingali hazina walimu. Nilipompigia simu juma lililopita aliniambia amekwenda tena ofisini mara mbili, na kwamba kijikaratasi kimeanza kuchanika kwenye mikunjo.