Daraja Lisilo na Ng'ambo: Gati Lililobeba Rolakosta

Neno daraja hudokeza safari: mtu huanzia upande mmoja akafika ng'ambo. Hata hivyo, yapo madaraja yasiyo na ng'ambo. Huanza ufuoni, yakaingia baharini juu ya nguzo, kisha yakakomea papo hapo majini. Miongoni mwayo ni Casino Pier, gati la burudani lililofunguliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Seaside Heights, jimbo la New Jersey, Marekani.

Mwaka wa 2002, rolakosta iliyoitwa Star Jet ilianza kazi juu ya gati hilo. Rolakosta ni reli ya burudani ambayo vigari vyake hukokotwa hadi kileleni kisha vikaachiliwa. Kutoka hapo huporomoka, hupinda na kupanda tena kwa nguvu ya mporomoko huo, bila injini. Mahali ilipojengwa Star Jet palizidisha msisimko wake, kwani chini ya reli palikuwa na mbao za gati, na chini ya mbao palikuwa na Bahari ya Atlantiki.

Gati la namna hii hutwikwa mizigo mitatu. Wa kwanza ni uzito wa chuma chenyewe, usioondoka usiku wala mchana. Wa pili ni msukumo wa vigari. Kigari kinapofika bondeni hukandamiza reli kwa nguvu inayozidi uzito wake, na penye kona huisukuma reli kando. Nguvu hizo hushuka kupitia mihimili ya chuma, zikapokewa na boriti, kisha nguzo, na hatimaye mchanga uliozizingira nguzo hizo.

Mzigo wa tatu ni bahari, nao una tabia tofauti kabisa. Mizigo miwili ya kwanza aghalabu huelekea chini, na sakafu ya gati hutengenezwa kwa kusudi la kuipokea kutoka juu. Wimbi lililopanda kupita kiasi huigonga sakafu hiyo kutoka chini na kuinyanyua. Wakati huohuo hupiga nguzo ubavuni, huku mkondo ukichimbua mchanga unaozishikilia. Ikumbukwe kwamba maji ya ujazo wa mita moja yana uzito wa takriban tani moja. Kwa hivyo, gati linaloweza kubeba rolakosta kwa miaka mingi huenda lisihimili usiku mmoja wa mawimbi.

Wahenga walinena kwamba bahari haishi zinge. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kilitua katika pwani ya New Jersey. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa ya bamvua; upepo ukayasukuma zaidi kuelekea nchi kavu. Sehemu ya gati ilibomoka na Star Jet ikatumbukia baharini. Kulipopambazuka, umbo lake lilikuwa lingali limesimama majini, reli zikionekana juu ya mawimbi. Mifupa ya chuma haikuwa imesambaratika. Kilichoiangusha ni kutoweka kwa daraja lililoibeba. Mabaki hayo yalikaa baharini zaidi ya miezi sita, hadi kazi ya kuyaondoa ilipoanza Mei 2013.

Mwaka wa 2017, rolakosta mpya iitwayo Hydrus ilifunguliwa hapo Casino Pier. Safari hii haikuwekwa juu ya maji, bali juu ya ufuo wa mchanga. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko burudani. Unaonyesha kwamba uimara wa jengo la pwani haupimwi kwa kile linachokibeba kila siku pekee, bali pia kwa kile kinachoweza kulijia kutoka chini siku moja tu katika miaka mingi. Daraja lisilo na ng'ambo halina ukingo wa pili wa kulishikilia. Likiachwa na mchanga wake, limeachwa na yote.